Tabibu akihamia kampuni ya vyuma vya mgongo, muulizeni analipwaje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu mzee wa Muheza ambaye barua yake uliichapisha majuma mawili yaliyopita. Kwanza nampa shikamoo yake, pamoja na pole kwa yaliyomfika mwanawe, aliyeanguka mnazini akavunjika pingili ya mgongo, akasafirishwa hadi Dar es Salaam na kulala huko siku kumi na tisa akisubiri vyuma. Mzee aliandika kwamba siku ya upasuaji alimwona kijana wa kampuni akiingia na masanduku mawili, akaambiwa kuwa kijana huyo zamani alikuwa tabibu wa serikali. Na kwa hasira ambayo mzazi yeyote ataielewa, akauliza kwa nini nchi isomeshe matabibu kisha wakimbilie kuuza vyuma, akapendekeza wapigwe marufuku kabisa.

Kijana yule si mimi, lakini angeweza kuwa mimi. Nilisomea utabibu, ngazi iliyo chini ya udaktari, nikaajiriwa katika hospitali moja ya mkoa huu wa Tanga, nikakaa miaka 11, na sita ya mwisho niliitumia katika chumba cha upasuaji nikimsaidia daktari bingwa wa mifupa. Sasa ni mwaka wa tano tangu niandike barua ya kuacha kazi na kujiunga na biashara ya vipandikizi vya uti wa mgongo, yaani skrubu, fito za titaniamu, na vizimba vidogo vinavyowekwa kati ya pingili mbili mahali pa diski iliyoharibika. Wanangu wangali wanasoma hapa Chumbageni, nami siku hizi nakijua kituo cha mabasi cha Kange kuliko ninavyoijua sebule yangu. Mama yangu, mwenyeji wa Tongoni, alipopata habari alinitazama kwa muda, akasema, "Basi umekuwa machinga."

Watu wengi hudhani kwamba mtu wa kampuni huleta mzigo, akasainiwa karatasi, akaondoka. Upasuaji wa mgongo hauendi hivyo. Mgonjwa mmoja anaweza kuhitaji skrubu nne, sita au nane, lakini vipimo vyake kamili havijulikani mpaka daktari aufikie mfupa, kwa hiyo hupelekwa seti nzima: skrubu za kipenyo cha milimita 4.5 hadi 7.5, urefu wa milimita 30 hadi 55, fito zilizonyooka na zilizopindwa, vifuniko vya kukazia, na vyombo vya kushikia ambavyo machoni pa mgeni vyote ni pacha. Seti hiyo hufika jioni ya kuamkia siku ya upasuaji, huhesabiwa, huoshwa, hutakaswa kwa mvuke, kisha huhesabiwa tena. Asubuhi mimi husimama nyuma ya muuguzi. Sinawi kwa ajili ya upasuaji, simgusi mgonjwa, wala siisogelei meza iliyotandikwa vitambaa safi; nina kikurunzi chenye nukta nyekundu, na kazi yangu ni kumwonyesha muuguzi kwamba bisibisi inayotakiwa imo katika trei ya tatu, safu ya pili, na kwamba ile anayotaka kuishika ni ya kutolea, si ya kufungia. Skrubu inapita katika daraja jembamba la mfupa, na upande wa ndani wa daraja hilo ndipo unapopita uti wa mgongo wenyewe pamoja na mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni na kwenye kibofu. Hapo muuguzi akipewa chombo kisicho chake, dakika zinazopotea ni za mgonjwa aliyelala kifudifudi huku akitoka damu.

Mtu aliyesomea biashara anaweza kuzikariri trei hizo, na wapo wanaoziweza kuliko mimi. Asichoweza ni kutambua, kwa sauti ya mtaalamu wa usingizi peke yake, kwamba shinikizo la damu limeanza kushuka na kwamba huu ni wakati wa kunyamaza. Mzee wangu akitupiga marufuku sisi tuliotoka wodini, masanduku yale yataendelea kuingia, ila yatabebwa na mtu asiyejua anachokiona.

Hata hivyo sitaki kujitakasa. Niliondoka kwa sababu mshahara niliotajiwa ulizidi mara mbili ule niliokuwa nao, na kwa sababu miaka sita ya kushikilia miguu ya watu wazima wakati mifupa yao inaungwa ilikuwa imeanza kuuharibu mgongo wangu mwenyewe. Ilikuwapo sababu nyingine pia: nilichoka kuandika barua za rufaa. Tanga ina minazi, ina mikarafuu na miti ya milimani Amani, ina bodaboda, ina mifuko ya saruji ya kilo 50 inayobebwa begani, na kila mwezi tulimpokea mtu aliyelala juu ya ubao asiyesikia miguu yake. Tulimpa dawa ya maumivu, tukamtia mpira wa mkojo, tukamwandikia rufaa ya kilomita zipatazo 350 hadi Dar es Salaam. Kiti changu, nilipoondoka, kilikaa wazi miezi minane. Mzee akisema nchi inanidai, sina la kubisha.

Ninachobisha ni mahali alipoelekeza lawama. Ameuliza kwa nini tunahama. Ningependa angeuliza tunalipwaje tukishahama.

Mkataba wangu wa kwanza, kwa wakala ambaye sitamtaja, ulikuwa na mshahara mdogo na kamisheni kwa kila skrubu iliyofungwa mgongoni mwa mtu. Niliusaini bila kuusoma kwa makini, kwa kuwa nilijiona bado ni tabibu na sikudhani karatasi ingeweza kunibadilisha. Mwezi wa saba au wa nane hivi, nikiwa katika basi la jioni nikirudi Tanga, abiria wa kiti cha mbele alipokea simu kwamba basi dogo limepinduka karibu na Segera na majeruhi ni wengi. Kabla sijatamka "inna lillahi", kichwa changu kilikuwa kimekwisha kuhesabu seti zilizobaki stoo. Nilishuka Kange, nikawakatalia vijana wa bodaboda, nikatembea na begi langu hadi nyumbani.

Naandika haya hadharani, Ndugu Mhariri, kwa sababu tunapozungumzia rushwa katika vifaa tiba fikira zetu hukimbilia bahasha. Mimi sikuwahi kuibeba bahasha wala sikuombwa. Kilichokuwapo ni kitu kidogo zaidi na kigumu kukikamata. Daktari, akiwa na mikono ndani ya kidonda, hunyanyua macho na kuuliza chumba kizima, "Tufunge pingili mbili au tupande hadi ya tatu?" Swali hilo halinihusu, na mimi sijibu. Lakini mwezi uliokuwa na ada za shule nilijikuta nimeshaifungua trei ya skrubu za ziada na kuisogeza mahali inapoonekana. Sikusema neno. Mtu wa TAKUKURU angesimama pale pale na asingeona kosa lolote, na kwa hakika daktari yule alifunga pingili mbili kama alivyokusudia. Hoja yangu ni kwamba mkono wangu ulikwenda kwenye trei, na ulipelekwa na mkataba.

Nilimwomba mwajiri anibadilishie malipo yawe mshahara mtupu. Alicheka, akanikumbusha kwamba mkono mtupu haulambwi. Baada ya mwaka mmoja na nusu nikahamia kwa wakala mwingine anayelipa mshahara usiobadilika, pungufu ya nilichokuwa nikipata miezi mizuri ya kamisheni, na bado ndiko niliko.

Tofauti niliiona mapema. Mchukuzi mmoja wa bandarini alikuwa ameumwa mgongo zaidi ya miezi minne, miguu imeanza kulegea, picha zinaonyesha pingili mbili zimesagika, na jamaa zake wa Makorora walikuwa wamekwisha kuanza kuchangishana fedha za vyuma. Nilikuwa nimekwenda kuulizia ratiba ya seti tu. Nikamuuliza mkewe, kama ambavyo ningemuuliza zamani, iwapo mumewe hutoka jasho usiku na iwapo nguo zimempwaya. Nikamweleza daktari kile nilichoambiwa, akaagiza vipimo, na kumbe ni kifua kikuu cha mgongo, ugonjwa ambao daktari Mwingereza Percivall Pott aliueleza tangu 1779 na ambao dawa zake nchini mwetu hutolewa bure. Wapo wagonjwa wa aina hiyo wanaohitaji kupasuliwa. Yeye alipona kwa vidonge, akachelewa sana kurudi kazini, lakini alirudi kwa miguu yake. Kampuni yangu haikuuza hata skrubu moja, wala hakuna aliyeniuliza kwa nini. Ningekuwa katika mkataba wa kwanza, nadhani ningeulizia ratiba ya seti na kuondoka.

Mwaka juzi, katika mafunzo ya kampuni yaliyofanyika Nairobi, nilikaa meza moja na dada mmoja kutoka Marekani ambaye alikuwa amepita njia kama yangu. Kwao alikuwa msaidizi wa daktari, fani iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, mwaka 1965, wakati Profesa Eugene Stead alipochukua wanaume wanne waliokuwa wahudumu wa tiba katika jeshi la majini akaanza kuwafundisha. Watatu wakahitimu 1967. Ni watu wanaofanana na matabibu wetu na madaktari wasaidizi, ingawa wao husoma zaidi kabla ya kuanza kazi: hupima, huandika dawa, husaidia katika upasuaji, na humwona mgonjwa anaporudi kliniki, yote hayo kwa kushirikiana na daktari. Dada huyu alikuwa amemsaidia bingwa wa mgongo kwa miaka minane, kisha kampuni inayotengeneza vipandikizi ikamchukua awafundishe madaktari matumizi ya vyombo vyake. Ili asipoteze cheti chake cha fani alilazimika kutimiza saa 100 za mafunzo endelevu kila baada ya miaka miwili, na alisema wazi kwamba anakitunza kama mtu anavyoutunza ufunguo wa nyumba ya zamani.

Nilipomsimulia habari ya Segera hakushangaa. Huko kwao, mwaka 2006, kampuni moja kubwa ilikubali kuilipa serikali dola milioni 40 ili kumaliza madai kwamba iliwapa madaktari wa mgongo malipo ya ushauri na safari za anasa ili wapendelee vyuma vyake. Kampuni ilikana kosa, lakini fedha ililipa. Mwaka 2010 ikapitishwa sheria inayozilazimisha kampuni za dawa na vifaa tiba kutangaza kile wanachowapa madaktari, kuanzia ada ya ushauri na nauli ya ndege hadi sahani ya chakula cha mchana, na tangu 2014 orodha hiyo iko wazi kwa mwananchi yeyote kuisoma. Mwanzoni ilihusu madaktari na hospitali za kufundishia tu. Kuanzia 2021 ikawaingiza pia wasaidizi wa madaktari na wauguzi wa ngazi ya juu, kwa sababu ilionekana kwamba nao wana sauti katika uchaguzi wa vifaa. Dada yule alikuwa akicheka alipokuwa akinieleza: miaka ya nyuma yeye ndiye aliyelishwa na kampuni bila jina lake kuandikwa popote, na sasa ndiye anayelipia chakula na kujaza fomu yenye majina ya wenzake wa zamani.

Sisi tuna vyombo vyetu. Ipo Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyopewa jina hilo mwaka 2019, ambayo hukagua na kusajili kifaa chenyewe. Lipo Baraza la Madaktari Tanganyika linaloshughulikia usajili na maadili ya wanataaluma, na ipo Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Chombo kimoja kinatazama skrubu, kingine kinatazama cheti, cha tatu kinatafuta bahasha. Mkataba wa yule anayesimama na kikurunzi hautazamwi na yeyote, na mzee wa Muheza hana mahali pa kwenda kusoma kwamba daktari wa mwanawe alilipiwa nauli ya mkutano na nani.

Ningekuwa na sauti, ningeomba hospitali iweke sharti jepesi: mtu wa kampuni asiruhusiwe kuvuka mstari mwekundu wa chumba cha upasuaji mpaka mwajiri wake aeleze kwa maandishi kwamba halipwi kwa idadi ya vipandikizi. Sharti hili halihitaji Bunge. Mganga mfawidhi anaweza kuliandika leo asubuhi. Ningeomba pia tabibu anayehama asiruhusiwe, kwa mwaka mmoja, kuuza katika hospitali aliyotoka, kwa sababu pale anajua nani ana mkopo, nani anasomesha, na nani hawezi kumkatalia. Mimi niliingia hospitali yangu ya zamani wiki ya tatu baada ya kuondoka, nikiwa nimebeba soda na vitumbua, na kila mlango ulifunguka kabla sijabisha. Wakati ule nilidhani ni upendo. Upendo ulikuwapo, lakini si ndio uliokuwa umenilipia nauli.

Wapo matabibu vijana wanaonipigia simu wakitaka niwaunganishe. Huwa nawaambia wanisomee mkataba kwanza, ukurasa wa malipo, kabla ya kunieleza jambo jingine lolote. Huwaambia pia kwamba leseni huhuishwa kwa pointi za mafunzo endelevu ambazo kampuni haitawakumbusha kuzitafuta, na kwamba mikono husahau: mwaka jana nilijaribu kumshonea mpwa wangu kidole alichojikata kwa panga, nikaona aibu, nikampeleka zahanati. Wengine hukata simu wakidhani nawabania. Mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akaenda, na sasa ni mfundishaji mzuri wa wauguzi kuliko nilivyowahi kuwa.

Limebaki jambo moja linalomhusu kijana wa Muheza mwenyewe, na ndilo hasa lililonifanya niketi kuandika. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii aliletwa mama aliyekuwa amefungwa skrubu nchi za nje miaka mingi nyuma, na fito moja ilikuwa imekatika. Hakuwa na karatasi yoyote inayosema vyuma vile ni vya nani. Vichwa vya skrubu hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, na bisibisi ya huyu haiingii katika skrubu ya yule. Tulijaribu seti tatu, hakuna iliyokubali, na mwishowe daktari alilazimika kuikata fito iliyobaki kipande kwa kipande. Upasuaji uliopangiwa saa mbili ukachukua zaidi ya tano. Tatizo hili litazidi, kwa sababu kampuni hizi hununuana na kumezana: Synthes ilinunuliwa na Johnson & Johnson mwaka 2012, NuVasive ikaungana na Globus Medical mwaka 2023, na Stryker ikauza biashara yake ya vipandikizi vya mgongo ya Marekani mwaka 2025, ikapewa jina jingine. Skrubu iliyo mgongoni mwa kijana wa miaka ishirini na mitano itakaa huko muda mrefu kuliko jina lililoandikwa kwenye sanduku lake.

Kwa hiyo namwomba mzee, kijana atakaporudi kliniki, asiondoke bila karatasi iliyoandikwa na daktari aliyempasua, yenye jina la mtengenezaji, jina la mfumo, kipenyo na urefu wa kila skrubu, idadi yake, pingili zilizofungwa, tarehe, na namba ya toleo. Stika zenye namba hizo mara nyingi huja na vipandikizi na hubandikwa katika faili la upasuaji, kwa hiyo kuzinakili hakuchukui hata dakika kumi. Wakimwambia faili halionekani, amtafute yule kijana mwenye masanduku mawili, kwa maana nakala ya ankara anayo.

Wako mtiifu,
Tabibu wa zamani,
Chumbageni, Tanga.